Kwa nini buti ya namba yako inakubana: historia ya kalibu, na namna ya kutengeneza yako nyumbani

Ndugu mkulima, na wewe ndugu mfanyabiashara wa ngozi, leo naweka mbolea na viuatilifu pembeni. Swali ambalo naulizwa kila msimu wa palizi ni hili: "Bwana shamba, nimenunua buti namba 42, namba yangu ya siku zote. Mbona vidole vinabanwa na kisigino kinacheza?"

Wengi huilaumu ngozi, wengine gundi. Jibu limo kwenye kitu ambacho mnunuzi hakioni kabisa, kwa sababu hutolewa ndani kabla kiatu hakijatoka kwa fundi. Kitu hicho ni kalibu, yaani umbo la mguu lililochongwa kwa mti, au siku hizi la plastiki. Fundi huilowesha kidogo ngozi ya juu, akaivuta juu ya kalibu, akaibana chini kwa misumari midogo, akaweka soli, kisha akaacha vyote vikauke pamoja. Kalibu ikitoka, nafasi inayobaki ndiyo kiatu chako. Ngozi nzuri juu ya kalibu mbaya inakupa kiatu kibaya kitakachodumu muda mrefu.

Hata namba iliyopigwa kwenye soli inahusu kalibu, haihusu mguu wako. Kipimo cha Ulaya huhesabu theluthi mbili za sentimeta kwa kila namba. Chukua 42, zidisha kwa 2, gawanya kwa 3, unapata 28. Hizo ni sentimeta 28 za urefu wa kalibu. Kipimo cha Uingereza nacho huongezeka kwa theluthi moja ya inchi kila namba. Angalia sasa: vyote viwili vinasema urefu tu. Upana wa mguu, unene wa mgongo wake, na ukubwa wa kisigino havimo kabisa katika ile 42. Viwanda viwili vinaweza kutoa 42 mbili, moja ikakufaa na nyingine ikakutoa malengelenge.

Tumefikaje hapa? Zamani mafundi wa Ulaya walitengeneza viatu vya kulia na vya kushoto kama ilivyo leo. Kisha, kuanzia miaka ya 1600 hivi, visigino virefu viliingia kwenye mtindo. Kalibu ya kiatu chenye kisigino ni ngumu kuchonga, na kuchonga mbili zinazofanana kama mtu na kivuli chake kwenye kioo ni kazi mara mbili na gharama mara mbili. Mafundi wakakata shauri: kalibu moja iliyonyooka kwa miguu yote miwili. Kwa takriban miaka 200 watu wengi Ulaya na Marekani walivaa viatu visivyo na kulia wala kushoto. Wengine walivibadilisha mguu kila siku ili viishe sawasawa. Mimi naona hapa ndipo ilipoanza tabia ya mguu kulazimishwa kukifuata kiatu, na chanzo chake kilikuwa gharama ya kuchonga mti, basi.

Mmoja aliyelalamika mapema alikuwa daktari wa Uholanzi, Petrus Camper. Wafugaji mnaweza kumpenda, maana alishughulika pia na sotoka ya ng'ombe. Mwaka 1781 aliandika kitabu kuhusu umbo bora la kiatu, akishangaa jinsi watu walivyojali kwato za farasi na ng'ombe huku miguu ya binadamu ikiachwa iharibike.

Badiliko kubwa lilitokea kwenye kiwanda cha silaha. Thomas Blanchard, mtu wa Massachusetts huko Marekani, alikuwa anatafuta namna ya kuchonga vitako vya bunduki kwa haraka. Karibu na mwaka 1819 alibuni mashine yenye gurudumu linalopapasa umbo la mfano huku kisu kikichonga umbo lile lile kwenye mti mwingine pembeni. Ukitaka kuielewa, mtazame fundi funguo wa mjini: ufunguo wako upande mmoja, ufunguo mtupu upande wa pili, mkono mmoja unafuata na mwingine unakata. Kanuni ni hiyo hiyo. Mashine ilipoanza kuchonga kalibu, jozi ya kulia na kushoto haikuwa tena anasa, na viatu vyenye pande vikarudi.

Ilibaki kazi ya kuvuta ngozi juu ya kalibu, ambayo wengi waliamini haiwezi kufanywa na chuma. Aliyewaumbua ni Jan Ernst Matzeliger, kijana mweusi aliyezaliwa Paramaribo, Suriname, mwaka 1852, akahamia mji wa viatu wa Lynn, Massachusetts. Tarehe 20 Machi 1883 alipata hataza ya mashine yake. Fundi hodari wa mkono alimaliza jozi kama 50 kwa siku. Mashine ile ilipoboreshwa ilifika jozi 700. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1889 akiwa na miaka 36. Viatu vikawa rahisi kwa watu wa kawaida, na hilo ni jambo jema, tusilibeze. Lakini kiwanda kinachotoa mamia ya jozi kwa siku hakiwezi kuchonga kalibu ya mguu wa Mzee fulani wa kijiji fulani. Kinachonga ya mguu wa wastani.

Na mguu wa mkulima aliyekua akitembea peku si mguu wa wastani wa kiwanda. Mwaka 1905 daktari wa Marekani, Phil Hoffmann, alichapisha ulinganisho wa miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wanaovaa. Aliowapima ni watu wa Ufilipino na wa Afrika ya Kati walioletwa kwenye maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, wakawekwa watazamwe kama bidhaa. Ni habari ya aibu, lakini vipimo vimebaki: kwa mguu uliokua peku vidole vimetanuka, kidole gumba kimenyooka, na mguu ni mpana zaidi mbele. Kwa wavaa viatu, mbele pamebanwa kufuata ncha ya kiatu. Basi ukiona buti ya dukani inakubana vidole na kupwaya kisigino, usidhani mguu wako ndio mbaya.

Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hilo kwa hasara, maana askari mwenye vidonda hafiki vitani. Daktari wa jeshi, Edward Lyman Munson, aliongoza uchunguzi wa miguu ya askari wapatao 2,000, na mwaka 1912 ikapitishwa kalibu mpya iliyonyooka upande wa ndani na pana vidoleni. Ninachowaomba mafundi mkiige ni namna walivyopima. Askari alisimama na mzigo wa ratili 40 mgongoni, yaani kilo 18 hivi, karibu na uzito wa debe la mahindi, na kukanyagia mguu mmoja. Mguu wenye mzigo hutanuka na kurefuka. Fundi anayempima mteja aliyekaa kwenye stuli anapima mguu wa mtu aliyepumzika, wakati buti ni ya mtu anayefanya kazi.

Wakati viwanda vikikua, wachunga ng'ombe wa Texas walikuwa bado wanataka buti za mguu wao. H. J. Justin alianza kutengeneza buti katika mji mdogo wa Spanish Fort mwaka 1879. Wachungaji walikuwa mbali, wiki nzima juu ya farasi. Mkewe, Annie, akabuni utaratibu wa kumtumia mteja kwa posta karatasi ya kuchorea mguu, futi na maelezo. Mteja anajipima mwenyewe, anarudisha, buti inatengenezwa. Kama posta ya mwaka ule iliweza, simu yako inashindwa nini?

Hapa kwetu tulijaribu njia ya kiwanda kikubwa. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikilenga kutoa mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Ng'ombe tulikuwa nao, na tunao bado. Ngozi zinaoza machinjioni hadi leo. Sisemi viwanda havifai. Nasema fundi wa kijijini hana haja ya kushindana na kiwanda kwa bei ya jozi, hatakiweza. Ashindane pale ambapo kiwanda hakiwezi kufika: mguu mmoja wa mteja mmoja.

Tuingie kazini. Mpime mteja jioni, baada ya kazi, miguu ikiwa imejaa. Asimame juu ya karatasi na ndoo ya maji au debe mgongoni, uchore ukingo wa wayo ukiwa umesimamisha penseli wima. Kisha chukua futi ya fundi cherehani upime mzingo sehemu tatu: penye mashina ya vidole, kuanzia cha gumba hadi cha mwisho, katikati ya mgongo wa mguu, na kuzunguka kisigino hadi penye mkunjo wa mbele. Kipimo hiki cha tatu ndicho wengi wanakisahau, na kwa buti isiyo na kamba ndicho kinachoamua kama mguu utapita au hautapita. Ongeza kifundo na shavu la mguu kwa buti ndefu. Pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana.

Usikimbilie kuchonga kalibu mpya. Tafuta kalibu kuukuu yenye urefu unaozidi mguu kwa sentimeta 1 hadi 1.5 kwa ncha ya mviringo, na ambayo ni nyembamba kuliko mguu wa mteja. Gandisha vipande vya ngozi ngumu pale mguu unapozidi: kando ya kidole gumba, juu ya mgongo, popote penye nundu. Kingo za vipande zichongwe ziwe nyembamba kama karatasi, kisha piga tupa na msasa mpaka kidole kisihisi maungio. Pima kalibu kwa futi ile ile hadi mizingo ilingane na ya mguu. Mafundi wa buti Texas na wa viatu vya bei kali London wanafanya hivi hadi leo, na vifaa vyake unavyo tayari.

Kama huna kalibu ya kuanzia, chonga. Gogo liwe la mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana, mpera kwa mfano, uliokauka kivulini miezi mingi. Mti mbichi utapasuka buti ikiwa juu yake. Tezo kwanza, kisha tupa. Ukishamaliza umbo, kata kipande cha kabari juu ya mgongo wa kalibu na ukirudishe kwa skrubu. Buti ikikauka unafungua skrubu, unatoa kabari kwanza, na kalibu inapata nafasi ya kutoka bila kuchana ngozi. Toboa pia tundu la kupitishia ndoano ya kuvutia.

Wapo wanaonakili mguu kwa bandeji za P.O.P. za duka la dawa: mguu unavishwa mfuko wa nailoni, unazungushiwa bandeji mbichi, zikigandamana unapasua mbele kwa uangalifu na kumimina plasta ndani. Inawezekana, ila kumbuka mambo mawili. Nakala ya mguu bado si kalibu. Lazima uongeze nafasi mbele ya vidole, usawazishe chini, na wakati wa kunakili kisigino kiwe kimeinuliwa kwa kimo kile kile cha kisigino cha buti. Pia plasta haivumilii misumari. Itumie kama mfano wa kuchongea mti, au kwa kiatu cha gundi tupu.

Mteja mwenye kisukari mtoe kwenye majaribio. Huenda asisikie buti inapomchubua, na mchubuko mdogo ukamgharimu mguu. Aonane na mhudumu wa afya kwanza, ndipo umpimie kwa nafasi ya kutosha na ngozi laini ndani.

Kuhusu bei, mweleze mteja mapema kwamba jozi ya kwanza ina gharama ya kalibu, na ya pili haina. Juu ya kila kalibu andika kwa kalamu isiyofutika jina lake, tarehe, kulia au kushoto, na mizingo mitatu. Itundike mahali pakavu, juu ya panya na mchwa. Akirudi baada ya miaka 2, mpime tena mzingo wa mashina ya vidole kabla ya kukata ngozi. Ukiwa umeongezeka, gandisha kipande kingine.