Herufi Moja

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa VisiCalc, programu ya lahajedwali kwa kompyuta ya Apple II. Ukibadilisha tarakimu moja, hesabu zote zinazoitegemea zilijikokotoa upya papo hapo. Karani aliyezoea kufuta na kuandika usiku kucha alipata nafuu.

Lakini mashine ile haikujua watu. Karani wa daftari akiona "Athmani" chini ya "Athumani" hutambua kuwa ni mtu mmoja. Fomula hulinganisha herufi kwa herufi. Kwake hao ni wawili.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Nilikuwa karani wa chama cha ushirika, na siku ya malipo mzee mmoja alikuta kilo zake pungufu. Magunia mawili nilikuwa nimeyaandika kwa jina lililokosewa herufi moja. Jumla ya chama ilikuwa sahihi, kwa hiyo sikushtuka. "Mwanangu," aliniambia, "mizani yenu ilinijua, karatasi yenu hainijui."

Dawa ilikuja na Excel 97: kisanduku kiliweza kufungwa kisipokee ila jina lililomo katika orodha. Jina huandikwa mara moja, kisha huchaguliwa. Hata hivyo, jina lililonakiliwa na kubandikwa hupenya ulinzi huo. Kwa hiyo niliongeza mstari wa kulinganisha jumla za wanachama na jumla ya mizani. Zikitofautiana, hakuna kulipa.

Mzee alipata haki yake. Nawe msomaji, ushikapo orodha ya majina, kumbuka umeshika amana za watu.