Kuchinja na Kula Nyama katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kuchinja, yaani kuutoa uhai wa mnyama kwa kisu ili nyama yake iliwe, ni katika matendo ambayo watu wa pwani ya kusini ya Tanzania, tangu Kilwa Kivinje hata Lindi na Mikindani, wameyawekea hukumu nyingi za dini, ada na sheria za dola. Hukumu hizo zina pande mbili. Upande mmoja humlinda mlaji, asije akatia kinywani kilichoharamishwa. Upande wa pili humlinda mnyama, asiteswe na yule aliyeruhusiwa kumuua. Historia ya nchi hii yaonyesha kwamba upande wa kwanza umeshikwa kwa mkono imara kuliko wa pili.

Asili

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, aliyefika Kilwa Kisiwani mwaka 1331 katika enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliandika kwamba wenyeji walikuwa watu wa dini na madhehebu yao ni ya Imamu Shafii. Nayo ndiyo madhehebu yanayofuatwa na Waislamu walio wengi wa pwani hii mpaka leo. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 wakiongozwa na Francisco de Almeida, waliwakuta huko ng'ombe, kondoo, mbuzi na samaki wengi. Mifupa iliyofukuliwa katika magofu, kwanza na Neville Chittick huko Kisiwani katika miaka ya 1960, na baadaye na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher huko Songo Mnara, inathibitisha kwamba kitoweo cha kila siku kilikuwa samaki, na kuku na mbuzi wakifuatia. Ng'ombe hakuwa mnyama wa kila kaya, kwa kuwa misitu ya bara ilijaa mbung'o. Akawa mnyama wa karamu, wa harusi na wa hitima, na kuchinjwa kwake kulikuwa jambo la mtaa mzima.

Masharti ya fikihi

Msingi wa mafundisho ya Kiislamu katika jambo hili ni kwamba uhai ni milki ya Mungu, na binadamu hana haki ya kuuondoa ila kwa idhini yake. Qurani, katika sura ya Al-Anam, yawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wa wanadamu. Na katika sura ya Al-Maida yaharamisha nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, kilichochinjwa kwa jina lisilo la Mungu, na mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, kupigwa, kuanguka au kupigwa pembe, isipokuwa yule aliyewahiwa akachinjwa angali hai.

Kwa mujibu wa fikihi ya Shafii, faradhi ya kuchinja ni kukata koromeo na umio kwa chombo kikali ambacho si jino wala ukucha, na mwenye kuchinja awe Mwislamu, au Myahudi au Mkristo wa wale waliokubaliwa kuwa Watu wa Kitabu. Kulitaja jina la Mungu ni sunna iliyotiliwa mkazo kwa Mashafii, ilhali madhehebu mengine hulihesabu kuwa sharti kwa anayekumbuka. Sunna nyingine nyingi zamwelekea mnyama mwenyewe: alazwe ubavu wa kushoto na shingo yake ielekezwe Kibla, afungwe miguu, ule wa kulia wa nyuma uachwe ili apate kuutupa, kisu kinolewe, wala kisinolewe mbele ya macho yake, asichinjwe mmoja na mwenziwe akitazama, na asichunwe kabla roho haijatoka. Asili yake ni hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aus, iliyomo katika mkusanyiko wa Imamu Muslim, ambayo huamuru wema katika kila kitu, hata katika kuua, na humtaka mchinjaji ampumzishe mnyama wake.

Ada imeongeza yasiyotakiwa na fikihi. Sheria humruhusu mwanamke kuchinja, lakini katika nyumba nyingi za pwani mwanamke aliyefikiwa na mgeni humtuma mtoto nje na kuku aliyefungwa miguu, amtafute mwanamume apitaye amchinjie. Mpita njia huyo, awe aijua nyumba ile au haijui, huzikanyaga mbawa kwa mguu mmoja na miguu ya kuku kwa mguu wa pili, humnyonyoa manyoya machache ya kooni, hutamka Bismillahi, hukata, kisha humwacha kuku atapetape mchangani na kuendelea na safari yake bila kudai ujira.

Dhabihu na karamu

Siku ya Idi ya mwezi wa Mfunguo Tatu, akika ya mtoto, hitima na maulidi ndizo nyakati kubwa za kuchinja. Kwa akika ni sunna wachinjwe mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa wa kike, na mifupa itenganishwe viungoni bila kuvunjwa. Katika udhiya, yaani dhabihu ya Idi hiyo, mchinjaji halipwi ujira kwa nyama wala kwa ngozi ya mnyama huyo, na sehemu ya nyama ni haki ya mafukara. Qurani, katika sura ya Al-Haji, yabainisha kwamba kinachomfikia Mungu ni ucha Mungu wa mtoaji, wala si nyama na damu. Na kwa hiyo maulamaa huihesabu dhabihu kuwa ni utii na ukarimu, si chakula cha kumlisha Mwenyezi Mungu.

Miongoni mwa Wamatumbi, Wamwera, Wangindo, Wayao na Wamakonde wa bara ya pwani hii, tambiko la wahenga aghalabu lilifanywa kwa unga wa mtama uliomwagwa chini ya mti au kaburini, na damu ya kuku au mbuzi iliongezwa palipozidi shida, kama vile ukame au maradhi. Nyama iliyotolewa tambiko kwa mizimu ni haramu kwa Mwislamu, ijapokuwa kisu kilipita mahali pake. Lakini koo nyingi zina jamaa wa pande zote mbili, na mara nyingi sadaka ya mbuzi imesomewa dua ya Kiislamu pale pale ambapo wazee walikuwa wakitambika.

Viumbe wa bahari

Samaki hachinjwi, mfu wake ni halali. Hata hivyo wanazuoni wa Kishafii wamesema kwamba samaki mkubwa anayekawia kufa yafaa achinjwe ili apumzike, jambo ambalo wavuvi wachache hulikumbuka wamwonapo papa akitweta ndani ya ngalawa. Juu ya kasa kuna hitilafu: wako maulamaa waliowahalalisha kwa kuwa ni wa bahari, na wako waliowaharamisha kwa kuwa huishi majini na nchi kavu. Wavuvi waliofuata kauli ya uhalali waliwageuza chali, wakawaacha hivyo hai mpaka wakati wa kisu. Sheria ya Tanzania imekata shauri kwa njia nyingine, kwa kuwa kasa na nguva wanalindwa na ni marufuku kuwavua. Na nyama ya kasa yaweza kuwa sumu, kama ilivyodhihirika mwezi wa Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, ambako watu tisa, wanane kati yao watoto, walifariki baada ya kuila.

Mfano ulio wazi zaidi wa chakula halali kinachopatikana kwa kitendo kilichokatazwa ni uvuvi wa baruti, ambao kwa miaka mingi uliyaharibu matumbawe ya Kilwa na Lindi kabla serikali haijaukazia mkono kuanzia katikati ya miaka ya 2010. Samaki aliyepasuliwa kwa baruti si nyamafu kwa hukumu ya chakula, na mlaji wake hajala haramu. Lakini kitendo kilichomuua, pamoja na maelfu ya vitoto vya samaki visivyookotwa na mtu, ni ufisadi ambao dini imeukataza.

Mawindo, nguruwe na pembe za ndovu

Kwa wawindaji wa Kiislamu wa Lindi na Liwale, hukumu ya aliyekufa kwa kunyongwa ina uzito mkubwa. Paa aliyekutwa amekufa katika tanzi ni nyamafu, hana kazi. Basi mwenye mitego hana budi kuamkia porini alfajiri na kisu kiunoni ili amwahi mnyama angali na uhai. Hukumu hiyo, iliyowekwa kwa ajili ya usafi wa nyama, ilikuwa na faida ya pili, nayo ni kufupisha mateso ya aliyenaswa.

Nguruwe mwitu hana bahati hiyo. Haliwi, kwa hiyo hana sharti la kisu. Huuawa kwa sababu ya mihogo, mahindi na mtama, na mzoga wake hutupwa au huuzwa kwa wasio Waislamu. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha, kwa habari za Uzaramo, jinsi sheria za Kijerumani zilizowazuia wenyeji kuwinda kwa nyavu zilivyowazidisha nguruwe mashambani katika miaka iliyotangulia vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Umatumbi nyuma ya Kilwa. Karne moja baadaye, mwaka 2005, Craig Packer na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba simba walikuwa wamewaua watu zaidi ya 560 nchini Tanzania tangu 1990, na Lindi na Rufiji zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizodhurika mno: nguruwe walifuata mazao, simba wakafuata nguruwe, na mkulima aliyelala dunguni kulinda shamba lake akawa mawindo. Sheria ya Kiislamu humruhusu mtu kumuua mnyama mwenye kudhuru, lakini haimwondolei wajibu wa kumuua kwa namna iliyo nyepesi.

Biashara ya pembe za ndovu yaonyesha mpaka wa kanuni za chakula. Kilwa Kivinje ilikuwa katika karne ya 19 lango kuu la pembe na watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa, na ushuru wa bandari za Sultani wa Unguja kwa miaka mingi ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kachi. Mabhatia ni Wahindu wasioonja nyama. Washirika wao Waislamu walisoma katika vitabu vya Kishafii kwamba, kwa kauli iliyo mashuhuri, mfupa wa mnyama asiyeliwa ni najisi, na pembe ya ndovu imo katika hukumu hiyo. Wala mmoja asiyechinja kuku, wala mwingine asiyeshika nyamafu, hakuzuiwa na dini yake kuchuma mali katika mizoga ya ndovu. Na walio wengi wao hawakuzuiwa hata kuwafanya wanadamu bidhaa.

Wakristo na wasiokula nyama

Wamisionari wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876, na Wabenedikto wakajenga Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890. Vituo hivyo viwili viliteketezwa mwaka 1905, na Ndanda ikaanzishwa mwaka uliofuata. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, iliwazuilia watawa nyama ya wanyama wa miguu minne isipokuwa wagonjwa walio dhaifu, ingawa baadaye ililegezwa. Kwa Wakristo wa kawaida hakuna mchinjaji maalumu. Wasabato hufuata orodha ya wanyama safi ya kitabu cha Walawi, na wengine hula nguruwe bila shaka.

Wako katika Uislamu pia waliotilia shaka uhalali wa kuua. Ikhwan as-Safa wa Basra, katika karne ya 10, waliandika risala ambamo wanyama wanawashtaki wanadamu mbele ya mfalme wa majini. Na mshairi al-Maarri wa Shamu, aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama, maziwa na asali kwa kuwaonea huruma viumbe wenye vitu hivyo. Maulamaa walio wengi walimkataa kwa hoja kwamba kilichohalalishwa na Mungu hakiharamishwi na mja. Lakini hakuna aliyesema kwamba kula nyama ni wajibu, na maskini wa pwani walioishi kwa muhogo na dagaa hawakupungukiwa imani.

Dola na machinjio

Mazoea yaliyoenea Tanzania ni kwamba mnyama wa kuuzwa hadharani huchinjwa na Mwislamu, ili nyama iweze kuliwa na watu wote. Mazoea hayo yamewahi kuleta fitina. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam, na Februari 2013 ugomvi juu ya nani achinje ulileta umwagaji wa damu huko Buseresere, Geita, hata Waziri Mkuu Mizengo Pinda akalazimika kukutana na viongozi wa dini wa Kanda ya Ziwa. Katika pwani ya Kilwa na Lindi, ambako Waislamu ni wengi, jambo hilo halikupata kuwa kubwa.

Lililokuwa kubwa huku ni wingi wa ng'ombe. Baada ya wafugaji kuondolewa Ihefu na Usangu katika miaka ya 2006 na 2007, wengi walielekezwa mkoa wa Lindi, na wilaya ambazo zamani ng'ombe alikuwa tunu zikaona makundi yakipita mashambani. Migogoro ya wakulima na wafugaji ikafuata, na pamoja nayo biashara ya kusafirisha ng'ombe kwa malori kwenda minada ya mbali. Sheria ya Nyama ya 2006 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 zimeweka masharti ya usafi, usafirishaji na kuepusha mateso yasiyo ya lazima, na kwa maana hiyo zinakubaliana na hadithi ya Shaddad bin Aus kuliko zinavyopingana nayo.

Hitimisho

Swali la kwanza ambalo mlaji wa pwani huuliza juu ya nyama ni nani aliyechinja, na swali hilo ni la haki. Lakini ng'ombe aliyesimama juu ya lori siku mbili bila maji, akashushwa kwa kuvutwa mkia na kulazwa juu ya damu ya mwenziwe, huwa halali mezani mara tu kisu kinapopita mahali pake, ilhali karibu kila sunna inayomhusu imevunjwa. Idhini ya kuua ilitolewa pamoja na amri ya wema, na amri hiyo inamfunga mfugaji na mwenye lori kama inavyomfunga mwenye kisu. Mwenye kununua nyama asitosheke na jina la mchinjaji. Na aulize pia mnyama alifikaje machinjioni.