Maji ya Dar es Salaam Mbele ya Wasuluhishi Watatu

Juni 1, 2005, maofisa wa serikali waliingia katika ofisi za kampuni ya maji ya City Water jijini Dar es Salaam na kuitwaa kampuni. Wakuu wake watatu, raia wa kigeni, wakakamatwa na kuondolewa nchini. DAWASCO, kampuni ya umma iliyoundwa kwa ajili hiyo, ikachukua mitambo, ofisi na wateja. Kwa mkazi aliyezoea kununua maji ya madumu kwenye mkokoteni huku bomba la nyumbani likitoa hewa, habari ile haikuwa ya kusikitisha.

City Water ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani zilikuwa na asilimia 51 ya hisa, na Superdoll ya hapa nchini asilimia 49. Mkataba wa Februari 2003 uliipa City Water kazi ya kuendesha huduma na kukusanya bili kwa miaka 10, huku mitambo ikibaki mali ya DAWASA, mamlaka ya umma ya maji ya jiji. Nyuma yake kulikuwa na mradi wa dola milioni 140 wa Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Mapema tu hesabu zilikataa. Makusanyo yalipungua, na malipo yaliyopaswa kwenda DAWASA yakaanza kukwama.

Pande mbili zilikaa mezani kuupitia mkataba upya. Mazungumzo hayo yakavunjika mwaka 2005, na Mei 13 aliyekuwa Waziri wa Maji, Edward Lowassa, akatangaza hadharani kwamba mkataba umevunjwa. Wiki tatu hazikuisha kabla ya tukio la Juni 1.

Hapo ndipo shauri lilipotoka mikononi mwa wenyewe na kuhamia kwa wasuluhishi. Neno hili linahitaji uangalifu. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, huita usuluhishi ile hatua ya kuwapatanisha watu wafikie mwafaka wao wenyewe, na hukumu inayofuata ikaitwa uamuzi. Lakini Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 2020 inalitumia neno hilohilo kwa utaratibu ambao mtu husikiliza pande zote kisha akatoa tuzo inayozifunga. Mfanyabiashara anayetia saini mkataba bila kujua ni usuluhishi upi ulioandikwa humo anaweza kujikuta amekubali asichokitarajia.

Mgogoro wa City Water ulikwenda njia ya pili, tena mara mbili. Shauri la kwanza, lililohusu mkataba wenyewe, lilisikilizwa na baraza la London, ambalo liliipa DAWASA ushindi na fidia ya takriban pauni milioni 3. La pili lilifunguliwa na Biwater Gauff dhidi ya Tanzania yenyewe huko ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji kilichotokana na mkataba wa kimataifa wa 1965. Tanzania ilikuwa mwanachama wake tangu 1992, na ilikuwa na mkataba wa kulinda uwekezaji na Uingereza tangu 1994.

Walikaa wasuluhishi watatu: Bernard Hanotiau akiwa mwenyekiti, Gary Born na Toby Landau. Mashirika matano ya kiraia, yakiwemo LEAT, la wanasheria wa mazingira, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yaliomba yasikilizwe kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa maji ya watu. Mwaka 2007 yakaruhusiwa kuwasilisha hoja kwa maandishi, ila hayakuruhusiwa kukaa ndani ya kikao. Ruhusa yenyewe ilikuwa nusu, lakini katika mashauri ambayo kwa desturi husikilizwa faraghani, hata nusu hiyo ilikuwa hatua kubwa.

Tuzo ilitoka Julai 24, 2008. Wasuluhishi walisema zabuni ya kampuni ilikuwa imepangwa vibaya tangu mwanzo na mkataba ungekufa hata bila mkono wa serikali. Hata hivyo, waliona Tanzania imekiuka ahadi zake: kwa matamshi ya waziri, kwa kuitwaa kampuni bila kusubiri taratibu za mkataba zifike mwisho, na kwa kuwafukuza wakuu wake. Fidia ikawa sifuri, kwa kuwa kampuni iliyotwaliwa haikuwa na thamani tena. Serikali iliyokuwa na hoja nzuri mkononi ilijitia doa kwa kukosa subira ya wiki chache.

Miaka 12 baada ya City Water kutwaliwa, mgogoro mkubwa zaidi ulizuka. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wenye madini, yalizuiwa katika bandari ya Dar es Salaam, na kampuni ya uchimbaji dhahabu ya Acacia ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190. Kampuni zake zikafungua mashauri ya usuluhishi. Lakini safari hii meza haikuachwa. John Thornton wa Barrick, kampuni iliyokuwa na hisa nyingi za Acacia, alikuja kuonana na Rais Magufuli Juni mwaka huohuo, kisha timu ya Profesa Palamagamba Kabudi ikajadiliana na Barrick huku mashauri yakiwa bado hai. Mapatano yalitiwa saini Januari 24, 2020: dola milioni 300 kumaliza madai, asilimia 16 ya hisa za migodi kwa serikali, na kampuni mpya ya ubia, Twiga. Dola milioni 100 za kwanza zililipwa mwaka huo, makinikia yalipoanza tena kupita bandarini.