Seti Humpiga Mzungu

Magofu ya Songo Mnara yametunza misikiti, makaburi na kuta za mawe ya matumbawe. Karata ni karatasi tu, haziachi magofu. Historia yake tunaibeba mdomoni.

Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa Kisiwani, jirani wa Songo Mnara, wakajenga ngome. Mwaka 1512 wakaihama. Mombasa walikaa hadi 1698, Ngome ya Yesu ilipoangukia mikononi mwa Waomani. Barazani hawakuondoka: karata ni cartas, kopa ni copas, uru ni ouros, shupaza ni espadas, pau ni paus, turufu ni trunfo.

Hata hesabu ilibaki. Katika wahedi wa sitini, nane, tisa na kumi hutolewa, zikabaki karata 40. Ree ina pointi 11. Anayeifuata si mfalme, ni seti, yaani saba, mwenye 10. Karata za picha ni wazungu: mzungu wa nne ni mfalme, wa tatu ni jeki, wa pili ni malkia, na jina la kila mmoja ndiyo pointi zake. Jumla ni 120. Ukifika 61 umeshinda. Ndiyo maana ya jina la mchezo kwa Kiarabu. Bisca ya Ureno huhesabiwa hivyo hivyo.

Magofu yaliingia orodha ya UNESCO mwaka 1981. Seti na mzungu wa nne hawana mlinzi ila wachezaji. Kijana aliyejifunza karata kwenye simu akimwita seti "saba" tu, hatajua kwa nini saba humpiga mfalme.