Magome ya Elgon: dawa iliyovuka bahari

Mwaka 1966, Jacques Debat alisajili Ufaransa hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na magome ya mti wa Afrika, Prunus africana. Wanandi huuita tenduet. Unaota katika misitu ya Mlima Elgon, juu ya Kitale na Bungoma, na waganga wa Afrika Mashariki waliutumia kutibu maumivu ya tumbo zamani kabla ya hataza hiyo.

Tangu hapo magome yakawa bidhaa, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zilizoyauza Ulaya. Ukichuna sehemu ya gome kwa uangalifu, mti huliotesha tena. Ukilichuna kuzunguka shina lote, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki mizizini, na mti hufa. Mwaka 1995 mti huu uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake ya nje sasa yahitaji kibali.

Nyumbani, ulinzi ulichukua sura ya mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 2000 Chepkitale, nchi ya Waogiek, ikatangazwa hifadhi, na wenyeji wakafukuzwa humo. Walipigania haki yao hadi mwaka 2022, mahakama ya ardhi ya Bungoma ilipoamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii yao. Uamuzi huo una uzito kwa dawa pia, kwa sababu anayeijua miti hiyo na matumizi yake ni yule aliyelelewa kati yake. Profesa John Kokwaro alianza kuyaweka maarifa ya namna hii kwenye maandishi katika kitabu chake cha mimea ya dawa cha mwaka 1976, lakini kitabu hakiwezi kumwonyesha kijana ni wapi pa kukata na ni kiasi gani cha kuacha.

Kibali cha forodhani nacho hakigusi mukombero, mzizi unaotafunwa kote magharibi mwa Kenya. Kuupata ni kuchimba, na mmea unaong'olewa msituni hauachi mrithi. Dawa yake ni kuupanda shambani. Tenduet nao wataka kupandwa, na mbegu zake zisiwekwe ghalani, kwani hupoteza uwezo wa kuota upesi.

Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina vitalu vya miche, shule na wazee. Zikiwakutanisha hao watatu, mti na elimu yake vitarithiwa pamoja.