Alerti inapotolewa mapema, serikali inajibu namna gani? Maelezo kwa wakaaji wa Kasongo na Kabambare

Alerti ni habari ya hatari inayotolewa mbele hatari haijafika. Inaweza kuwa neno la mchimbaji aliyekutana na watu wenye silaha msituni, simu ya mwalimu, ao ripoti ya watu wa upelelezi. Inawapa viongozi nafasi ya kufanya kitu mapema, na inawapa wakaaji nafasi ya kukimbia. Lakini kila mara watu wanapouawa, swali linarudi lile lile: walijulishwa, juu ya nini hawakuja?

Alerti inapita wapi

Kusini mwa Maniema, habari inaanzia kwa shefu wa kijiji. Inapanda kwa shefu wa grupema, kisha kwa shefu wa sekta, mpaka kwa administrata wa teritware. Yeye ndiye anaongoza komite ya usalama, ambamo jeshi FARDC, polisi na ANR wanakutana. Toka pale inaenda kwa gavana, Kindu, zaidi ya kilomita 200 kwa barabara.

Maniema haikuwekwa chini ya utawala wa kijeshi kama Ituri na Kivu ya Kaskazini tangu tarehe 6 Mei 2021. Kwa hiyo hapa ni viongozi wa kiraia ndio wanabeba jibu la kwanza. Amri ya serikali ya mwaka 2013 iliunda pia mabaraza ya usalama wa karibu, ili raia na polisi wakae meza moja.

Salamabila: onyo lililojulikana

Katika teritware ya Kabambare, mvutano wa Salamabila haukuwa siri. Wachimbaji wa mikono walilalamika kwamba mgodi wa Namoya, wa kampuni Banro, uliwaondoa kwenye zahabu. Kundi la Mai-Mai Malaika lilijitia katika malalamiko hayo. Mwezi wa tatu 2017 wafanyakazi wa mgodi walitekwa nyara, na mwezi wa saba 2019 wengine tena. Mwaka ule ule Banro ilisimamisha kazi Namoya.

Utekaji wa kwanza ulikuwa tayari alerti ya ule wa pili. Askari walikuwepo, lakini swali la mashimo na kazi halikumalizika. Hapo kuna somo: kuna alerti ambazo haziombi bunduki tu, zinaomba mazungumzo.

Mifano mingine

Luvungi, Walikale, 2010. Kuanzia tarehe 30 mwezi wa saba mpaka tarehe 2 mwezi wa nane, watu zaidi ya 300 walibakwa katika vijiji vya barabarani. Walinda amani walikuwa Kibua, karibu kilomita 30 tu, lakini vijiji havikuwa na rezo ya simu. Kisha hapo MONUSCO ilipanua mitandao ya alerti, kwa kuwapa wakaaji simu na redio za mawasiliano.

Mutarule, Uvira, 2014. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita, watu wasiopungua 30 waliuawa. Human Rights Watch ilisema kwamba jeshi na walinda amani walijua mashambulio yanaendelea, lakini hawakuingilia. Hapo habari ilifika, miguu ndiyo haikufika.

Nairobi, 1998. Balozi wa Marekani, Prudence Bushnell, alikuwa amewaandikia wakubwa wake kwamba jengo la ubalozi liko karibu sana na barabara na haliko salama. Alijibiwa kwamba pesa hakuna. Tarehe 7 mwezi wa nane bomu liliua watu 213 katika mji ule.

Garissa, Kenya, 2015. Uingereza na Australia zilionya raia wao juu ya safari za Kenya, na Rais Kenyatta akazikosoa. Tarehe 2 mwezi wa ine, watu wane wa Al-Shabaab waliingia chuo kikuu alfajiri na kuua watu 148. Kikosi maalum kilitoka Nairobi, na mambo yalimalizika jioni.

Juu ya nini jibu linachelewa

Mara nyingi alerti inafika bila uhakika: "watu wamepita", lakini wangapi, wapi, saa ngapi? Kiongozi aliyedanganywa na uvumi mara mbili anangoja mara ya tatu. Tena kila mutu anangoja amri ya mwenye kuwa juu yake. Tena gari halina mafuta, ao barabara imekatika na mvua. Na mara ingine kiongozi anaogopa kwamba kutangaza hatari ni kukubali kwamba ameshindwa.

Kwa jirani zetu, mlango mumoja umefungwa: MONUSCO iliondoka Tanganyika mwaka 2022 na Kivu ya Kusini mwaka 2024. Kazi ya kupokea simu imebaki kwa serikali ya Congo.

Alerti nzuri inasema nini

Inasema nani ameonekana, wangapi, na silaha gani, wapi na saa ngapi, wanaelekea wapi, na kama mwenye kusema aliona kwa macho ao alisikia. Inapelekwa kwa zaidi ya mutu mumoja: shefu, polisi na shirika la raia. Isitupwe WhatsApp pamoja na jina la aliyeona, kwani simu ile ile inasomwa msituni, na watu wanalipa kisasi.

Kiongozi naye ana deni la kujibu, hata kwa neno moja: "Tumesikia, tunatuma watu kuangalia." Kijiji kilichopiga simu mara tatu bila jibu, mara ya ine hakipigi tena. Kinafunga mizigo na kuingia msituni, na siku ile hatari ya kweli inapita, hakuna mutu wa kuitangaza.