Mwendo Bila Mpira: Historia ya Ufungaji katika Mpira wa Kikapu na Istilahi Zake

Msamiati wetu wa mpira wa kikapu umejaa majina ya matendo ya mtu mwenye mpira: kudunda, kutoa pasi, kutupa, kufunga. Matendo ya wenzake wanne wasio na mpira yana majina machache, tena yasiyotulia. Mfasiri wa kitabu cha mafunzo huuona upungufu huo anapofika kwenye sura ya mashambulizi. Mwalimu huuona pale anapotaka kumwambia mwanafunzi afanye nini baada ya kutoa pasi. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba upungufu huo umegusa kiini cha mchezo wenyewe, na kwamba maneno ya kuuziba tunayo karibu.

Mchezo huu ulibuniwa Desemba 1891 na James Naismith, mzaliwa wa Kanada, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Alitakiwa kutafuta mchezo wa kuchezwa ndani ya ukumbi wakati wa baridi. Vikapu viwili vya matunda ya pichi vilipigiliwa kwenye ukingo wa roshani, kimo cha futi 10, na wanafunzi 18 wakagawanywa tisa kwa tisa. Kanuni zake 13 zilichapishwa Januari 1892 katika gazeti la chuo.

Kanuni ya tatu ndiyo msingi wa hoja yetu. Mchezaji hakuruhusiwa kukimbia na mpira. Alipaswa kuutupa kutoka mahali alipoudakia. Naismith alitaka kuzuia wachezaji wasikamatane na kuangushana, maana asiyekimbia na mpira hana haja ya kuangushwa. Lakini kanuni hiyo ilizaa jambo kubwa zaidi. Kwa kuwa mwenye mpira alikuwa kama aliyefungwa miguu, haikuwapo njia ya kukaribia kikapu isipokuwa wenzake wasogee hadi mahali pa wazi, mpira uwafuate huko. Kudunda hakukutajwa katika kanuni zile 13. Kulizuka baadaye, wachezaji walionaswa walipouachia mpira kwa makusudi na kuudaka tena. Basi kwa umri, mwendo bila mpira umetangulia, na mwendo na mpira umefuata.

Waalimu wa mwanzo walilielewa jambo hili. Walter Meanwell, aliyeanza kufundisha timu ya Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1911, alijulikana kwa pasi fupi na kwa wachezaji waliopishana mbele ya walinzi. Katika kupishana huko, mshambuliaji mmoja huweza kusimama ili mwili wake uwe kizuizi, mwenziwe apite kando yake, na mkabaji abaki nyuma ya kizuizi hicho. Katika miaka ya 1920, timu ya Original Celtics ya New York iliupa umaarufu mtindo mwingine. Mchezaji wao Dutch Dehnert alisimama karibu na kikapu, mgongo ukielekea kikapuni; wenzake walimpa mpira, wakakimbia kumpita, naye akamrudishia yule aliyekwisha kumwacha mkabaji wake.

Hapa mfasiri hukutana na mitego mitatu. Mtego wa kwanza ni jina la mbio hizo za ghafla kuelekea kikapuni. Kwa Kiingereza huitwa kwa neno ambalo maana yake ya kawaida ni “kukata”. Lakini katika lugha yetu ya michezo, kukata pasi ni kazi ya mlinzi anayeuzuia mpira usifike. Mwanafunzi akiambiwa “kata” ataelewa kinyume cha alichokusudia mwalimu. Mtego wa pili ni kile kizuizi cha mwili: jina lake moja la Kiingereza humpeleka mfasiri kwenye kioo cha sinema, na jina lake la pili humpeleka kwenye “kuokota”. Yote mawili hayamsaidii mtu aliye uwanjani.

Mtego wa tatu waonekana katika historia ya Chuo Kikuu cha Princeton. Pete Carril alifundisha huko tangu 1967 hadi 1996, na vijana wake walisifika kwa hila moja: mkabaji akisogea mbele mno ili kuzuia pasi, mshambuliaji hugeuka ghafla, hupita nyuma ya mgongo wake na kupokea mpira chini ya kikapu. Tarehe 14 Machi 1996, mjini Indianapolis, Princeton iliishinda UCLA, timu iliyokuwa bingwa wa mwaka uliotangulia, kwa pointi 43 kwa 41. Zikiwa zimebaki sekunde chache, Gabe Lewullis alipita nyuma ya mkabaji wake, akapokea pasi ya Steve Goodrich, akafunga. Waingereza na Wamarekani huifananisha hila hiyo na mlango wa nyuma. Kwetu sisi, anayepita mlango wa nyuma ni mtu aliyepata kazi au bidhaa kwa upendeleo. Tafsiri ya neno kwa neno ingewatia doa vijana waliopata haki yao kwa akili na miguu.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya zamani, na kwamba siku hizi sifa ni za mwenye kudunda kwa ustadi. Mfano mmoja watosha kuwajibu. Tarehe 5 Desemba 2016, Klay Thompson wa Golden State Warriors alifunga pointi 60 katika dakika 29 dhidi ya Indiana Pacers. Katika muda huo wote alidunda mpira mara 11 tu, na mpira ulikaa mikononi mwake kwa takriban sekunde 90. Dakika zilizosalia alikuwa akikimbia, akipita kando ya wenzake waliomzuilia wakabaji, na kufika mahali pa wazi. Mwandishi anayeandika kwamba “alifunga pointi 60” amesema kweli, lakini hajaeleza zilivyopatikana.

Maneno ya kueleza hayo yatoke wapi? Kabla ya kubuni, yafaa tusikilize. Mchezo wa Naismith ulipofika Uingereza katika miaka ya 1890 uligeuzwa katika vyuo vya mazoezi vya wanawake, na hatimaye ukawa mpira wa pete, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka 1901. Mpira wa pete umeihifadhi kanuni ya tatu hadi leo: hakuna kukimbia na mpira wala kuudunda. Wasichana wa shule zetu wanaoucheza hufanya kila siku matendo tunayoyatafutia majina. Kandanda nayo imekwisha kutupa “kukaba”, “kugongeana” na “chenga ya mwili”, ambayo haihitaji mpira mguuni.

Kwa misingi hiyo tunapendekeza haya. Kujinasua kuwe kumtoroka mkabaji kwa namna yoyote. Kuchomoka kuwe kukimbia ghafla kuelekea kikapuni, na nomino yake iwe mchomoko. Hila ya Princeton iitwe mchomoko wa mgongoni. Kutoa pasi, kuchomoka na kurudishiwa mpira kubaki kugongeana, kama katika kandanda. Kizuizi cha mwili kiitwe kiambaza, kwa kuwa kiambaza husimama palepale na kumlazimisha mtu azunguke. Na kanuni za mchezo hudai vivyo hivyo, kwamba anayezuia asimsukume wala asimwendee mkabaji. Hivyo istilahi yenyewe itafundisha sheria.

Tunawaomba waalimu wayajaribu maneno haya uwanjani, hasa mbele ya timu za mpira wa pete, na watuandikie yapi yameitikiwa na yapi yamekataliwa. Mtoto aliyefundishwa majina ya kazi za mpira peke yake atasimama akiutazama mpira. Akipewa jina la kazi yake wakati hana mpira, atajua kwamba ana kazi.